Pesa za Wazee Hufuata Daftari

Garissa kuna wazee waliovuka miaka 70 ambao hawajawahi kupokea hata shilingi moja ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wenye uhitaji, na si kwamba serikali imewakatalia. Hawajaandikishwa. Wengine wanangoja waitwe. Wengine wanaona haya, wakidhani kufuata pesa hizo ni kuombaomba. Nawaandikia wao, na wajukuu wao wanaoweza kuwashika mkono hadi ofisini.

Tuanze na hiyo haya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka Serikali imsaidie asiyeweza kujikimu pamoja na wanaomtegemea. Sisi tuliolelewa na zaka tunalielewa hili upesi: fungu la maskini ni lake, na anayelitoa hamfanyii hisani. Pesa hizi nazo hutoka katika kodi, na kodi hulipwa na kila anayenunua sukari dukani, tangu Modogashe hadi Hulugho.

Inua Jamii ina mafungu matatu. La kwanza ni la wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni. La pili ni la kaya maskini zinazolea mayatima na watoto walio hatarini. La tatu ni la watu wenye ulemavu mkali, wale wanaohitaji kuangaliwa usiku na mchana. Kiwango kilichozoeleka ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi malipo ya miezi kadhaa hutolewa pamoja.

Kando yake kuna mpango wa kukinga kaya dhidi ya njaa, HSNP, unaoendeshwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Ulianza katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na katika awamu ya tatu ukaingia Garissa. Ubora wake ni kwamba ukame ukizidi, kipimo cha setilaiti kinachoonyesha jinsi malisho yalivyokauka huweza kufungua malipo ya dharura kwa kaya zisizo kwenye orodha ya kila mara. Lakini hata malipo hayo hufika kwa kaya zinazojulikana tu. Mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote bila jina lake kuwa popote hakuwa na mlango wa kubisha.

Ndiyo maana kuandikishwa ni nusu ya kudai. Shida ni kwamba usajili haufanywi kila siku. Hufunguliwa kwa awamu na kutangazwa na chifu barazani. Familia iliyohamia malishoni mwezi huo hupitwa. Kama unahama, acha jina na namba ya simu ya jamaa kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lako, kisha umwombe jamaa huyo awaulize mara kwa mara.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kitambulisho. Wapo Wakenya waliojiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, alama za vidole vyao zikabaki kwenye daftari la wakimbizi, na baadaye wakanyimwa kitambulisho cha nchi yao. Suala hilo lilifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Garissa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa ukaguzi wa ziada uliokuwa ukiwakabili waombaji wa kaunti za mpakani. Aliyekata tamaa zamani ana sababu ya kurudi dirishani.

Wengine wanacho kitambulisho, ila umri wake si wao. Mzee aliyezaliwa malishoni alikadiriwa tarehe na karani, na akikadiriwa miaka kumi pungufu, atafika 80 huku serikali ikimhesabu ana 70. Chukua kitambulisho cha mzee wako leo, soma mwaka wa kuzaliwa, uulinganishe na umri wa mtoto wake wa kwanza. Ukiona haulingani, peleka ombi la marekebisho katika ofisi ya usajili wa watu pamoja na ushahidi wowote ulio nao.

Ukishaandikishwa, usiache pesa zikae bila kuchukuliwa, maana akaunti iliyolala muda mrefu husimamishwa. Asiyeweza kutembea ana haki ya kuteua mlezi wa kumpokelea. Na usajili ni bure: anayekudai "kitu kidogo" anakuibia.

Ukiambiwa "subiri" bila sababu, uliza kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu ya uamuzi unaokuumiza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Ikinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mzee asiyejua kusoma hawezi kuandika barua hiyo peke yake; kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuiandika jioni moja, na kila bula, yaani kila mtaa, ina vijana wa namna hiyo.