Kitenzi "counteract" na tafsiri yake katika habari za afya

Taarifa za afya na uchumi zinazotufikia Bujumbura kwa Kiingereza hutumia mara kwa mara kitenzi "counteract". Wafasiri wengi hukimbilia neno "kupinga". Katika habari ya kipindupindu, tafsiri hiyo yaweza kumpoteza msikilizaji.

Kitenzi hicho kilianza kuandikwa katika Kiingereza cha karne ya 17. Kina sehemu mbili zenye asili ya Kilatini: "contra", yaani dhidi ya, na "agere", yaani kutenda. Waliosoma kwa Kifaransa wataitambua ile ya kwanza, kwani ndiyo iliyozaa "contre", na ni kupitia Kifaransa ndipo ilipofika Uingereza. Maana yake ni kutenda kinyume cha kitendo kingine hadi nguvu yake ipungue au ikome. Kinachopunguzwa nguvu aghalabu ni athari. Chanzo chaweza kubaki palepale.

Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Katika habari za ugonjwa huo, Kiingereza kikisema ORS "counteracts", kinazungumzia upungufu wa maji mwilini unaoletwa na kuhara. Mchanganyiko huo wa chumvi na sukari huwaokoa wagonjwa wengi ukinywewa mapema, lakini hauui bakteria. Msikilizaji wa Buyenzi au Rumonge akiambiwa kwamba "ORS inaondoa kipindupindu", huenda akamnywesha mgonjwa nyumbani na kuridhika, ilhali aliyezidiwa anaweza kufariki ndani ya saa chache asipofikishwa kituo cha matibabu. Tafsiri salama ni ndefu kidogo: ORS hufidia maji na chumvi zinazopotea, nayo hunywewa hata njiani kuelekea kituoni.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Amri hubatilishwa, mtego huteguliwa, chai kali huzimuliwa kwa maji. "Kuzimua" ndilo lingekaribia zaidi, ila wengine hulihusisha na pombe, na sidhani linafaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Benki kuu inapopandisha riba, "kupunguza makali ya mfumuko wa bei" hutosha.

Kuna mahali Kiswahili hukishinda Kiingereza kwa ufupi. Daktari akionya kwamba dawa mbili zikimezwa pamoja kila moja huipunguzia nyenzake nguvu, sisi twasema tu: zinadhoofishana.