Sakafu ya Baraza: Ubao Gani Utatudumu?

Mwaka juzi, katikati ya masika, mama yetu alijikwaa kwenye baraza la nyumba yake akavunjika mkono karibu na kifundo. Kilichomwangusha ni ubao. Sakafu tuliyomwekea kwa furaha miezi minane kabla yake ilikuwa imevimba kwa mvua za upepo, mbao zikasukumana, na mbili za katikati zikainuka kama nundu ya ngamia. Baraza hilo ndilo darasa lake: kila alasiri watoto wa mtaa huketi hapo juu ya mkeka na juzuu zao. Kwa wiki sita watoto wakakosa chuo, nasi aliotuzaa yeye tukabaki na lawama ambayo hatukuwa na wa kumtupia ila nafsi zetu.

Wasomaji wetu wengi wana baraza lenye paa mbele ya nyumba, na baadhi wameanza kufikiria mbao ngumu badala ya vigae, ambavyo huteleza mvua inapopeperushwa ndani, au saruji, ambayo huyaumiza magoti ya wazee. Fikira hiyo si mbaya. Ila mbao ngumu ni ghali, na mwenye kukosea mara moja hulipa mara mbili. Tunayaeleza haya ili kosa letu liwafae wengine.

Kwa nini sakafu ya kwanza iliharibika

Tulikwenda dukani tukauliza mvule, tukaonyeshwa mbao, tukaambiwa ni mvule, tukalipa. Tuliridhika na jina. Hatukuuliza mbao zilikaushiwa wapi, wala zilikatwa kutoka sehemu gani ya gogo.

Ubao hata ukikatwa hauachi kupumua. Hewa ikiwa na unyevu, huunywa na kutanuka. Hewa ikikauka, huutoa na kunywea. Kutanuka huko hakuwi kwa urefu wa ubao bali kwa upana wake. Mbao zetu zilikaushwa bara, ambako hewa ni kavu kuliko ya pwani, kisha zikapigwa misumari siku ileile zilipofika, zimebanana bega kwa bega. Hesabu yake ni nyepesi: ubao wenye upana wa milimita 150 ukitanuka kwa asilimia 1 tu, huongezeka milimita 1.5. Mbao 20 zikipangwa pamoja, hizo ni milimita 30, yaani sentimita 3 za mti zisizo na pa kwenda. Zisipopata nafasi pembeni, huenda juu.

Kosa la pili tuliliona tulipozing'oa. Karibu nusu ya mbao zilikuwa na ukingo mweupe upande mmoja, na weupe huo wote ulikuwa umeliwa na mchwa, umebaki ganda.

Mti gani?

Mara hii tulimwendea ami yetu, aliyeunda majahazi kule Matondoni, Lamu, hadi macho yalipomchoka. Tulipomweleza kuwa tunatafuta mti usioharibika, alituuliza, "Wanangu, mwataka jina la mti, au mwataka ubao?" Kisha akatufundisha kwa subira.

Mvule ukipasuliwa huwa na rangi ya manjano, halafu hukolea kuwa hudhurungi unapopata mwanga. Kiini chake hustahimili mchwa na kuoza. Wakati mwingine huficha ndani yake mawe madogo ya chokaa ambayo humaliza makali ya msumeno, basi fundi akilalamika msimdhanie uvivu. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo kazi ya randa na msasa ifanyiwe nje, mbali na watoto, na fundi avae barakoa.

Mbambakofi, ambao ndugu zetu wengi wa Tanzania huuita mkongo, ni mzito na una rangi ya hudhurungi yenye wekundu. Sifa yake kubwa ni utulivu: hautanuki wala kunywea sana. Kwa sakafu ya baraza ni vigumu kupata uliouzidi.

Msaji, ambao mafundi wengi sasa huuita mtiki, una mafuta ya asili ndani yake. Ndiyo maana waunda vyombo wa Bahari ya Hindi waliuthamini tangu kale, ukiletwa kutoka pwani ya Malabar, India. Siku hizi hupandwa pia Afrika Mashariki, kama vile shamba la Longuza wilayani Muheza, Tanga. Msaji wa kupandwa uliokatwa ukiwa mchanga huwa na weupe mwingi na hauna nguvu za ule mkongwe, hivyo huhitaji kuchaguliwa ubao kwa ubao.

Kwa miti yote mitatu, ami alisisitiza jambo moja: sifa ya mti imo kwenye kiini chake. Weupe wa nje, hata wa mvule au msaji, ni chakula cha mchwa kama ubao mwingine wowote. Mnunuzi autazame ubao pande zote nne na ncha zote mbili, na akatae wenye weupe, hata akiambiwa kwamba rangi itauficha.

Mizani ya unga

Jambo lililotustaajabisha ni kwamba unyevu wa ubao unaweza kupimwa jikoni. Mafundi wenye uwezo wana kifaa maalumu, lakini mwenye mizani ya kupimia unga na joko anaweza kupata jibu. Omba kipande kidogo kilichokatwa katikati ya ubao, si kwenye ncha. Kipime uzito, kisha kiweke ndani ya joko kwenye joto la nyuzi 103 hivi, ukikipima kila baada ya saa chache hadi uzito usipungue tena. Toa uzito wa mwisho katika uzito wa kwanza, gawa kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa mia. Kipande chetu kilianza na gramu 230 kikaishia 200. Tofauti ni 30, nayo ni asilimia 15 ya 200. Kwa baraza la pwani, kiasi hicho kinafaa. Ubao wa asilimia 25 bado ni mbichi, na utanywea hadi vidole vya mtoto viingie kwenye nyufa. Wa asilimia 8 ni mkavu kupita kiasi, nao utavimba kama ulivyovimba wetu.

Hata zikiwa kavu vizuri, mbao zikae nyumbani wiki mbili au zaidi kabla ya kazi, zimepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, mahali palepale zitakapotumika.

Bei ya nusu

Tulipokuwa bado tunatafuta, tuliletewa mbambakofi mzuri ajabu kwa karibu nusu ya bei ya wengine. Tulipouliza karatasi, muuzaji alicheka, akasema mbao hazina pasipoti. Fedha zetu zilikuwa za mchango wa ndugu wanne, pamoja na zamu ya chama ya dada yetu mkubwa. Nusu ya bei haikuwa jambo dogo kwetu, na wawili kati yetu walitaka tununue.

Mbambakofi humea katika misitu yetu wenyewe, ukiwemo wa Arabuko-Sokoke kati ya Kilifi na Malindi, na huchukua miaka mingi mno kufikia kimo cha kupasuliwa mbao. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwaka 2022 mataifa yaliyokutana Panama chini ya mkataba wa CITES yaliiweka jamii ya mbambakofi, mninga na mkangazi ya Afrika katika orodha ya miti ambayo mbao zake hazivuki mpaka bila kibali. Ndani ya nchi nako, mzigo wa mbao husafirishwa kwa kibali cha Shirika la Misitu, KFS. Muuzaji mwaminifu haoni taabu kuonyesha karatasi hizo.

Tulipeleka hoja zetu kwa mama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mti huo ulikuwa wa nani?" Hakuna aliyejibu. "Basi msiniwekee, wanangu. Nitawafundishaje watoto wa watu maana ya amana, nami nimekalia nisichojua kama ni halali?"

Tukanunua msaji wa kupandwa, wenye karatasi zake, viini vitupu. Fedha zikatosha theluthi mbili za baraza. Theluthi iliyobaki imekaa saruji mpaka leo, na juu yake pana mkeka.

Kuweka na kutunza

Fundi alifuata masharti haya, nasi tunayapendekeza. Mbao ziwe nyembamba, inchi 4 badala ya 6, kwa kuwa ubao mwembamba hutanuka kidogo. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 4, na ukutani milimita 10 au zaidi. Mihimili ya chini nayo iwe ya mti mgumu, iinuliwe juu ya vishina vya zege kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, na pande mbili ziachwe wazi ili upepo upite. Juu ya kila kishina pawekwe sahani ya bati ili mchwa wasipande kwa siri. Sakafu iiname sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea nje, maji yasitulie.

Misumari ya kawaida isitumike. Chumvi ya bahari huila, na kutu yake huacha madoa meusi kwenye mbao ngumu. Skurubu za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, ni ghali lakini ndizo zinazohimili hewa ya bahari. Tundu litobolewe kwanza, ubao usipasuke.

Vanishi ing'aayo iepukwe, kwa kuwa huteleza kama kigae na hubanduka. Mafuta ya kitani au ya msaji, yapakwe mara moja au mbili kwa mwaka, yanatosha. Sifa wanayopaka mabaharia hulinda mti kweli, lakini harufu yake iachiwe jahazi. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasikunjwe yakatupwa kwenye kona: huweza kuwaka moto yenyewe. Yaanikwe nje yamekunjuliwa hadi yakauke. Na mwenye kutumia mbao laini zilizotiwa dawa asivitumie vipande vyake kama kuni, kwa kuwa dawa nyingine zina sumu ya aseniki.

Masika mawili yamepita juu ya sakafu mpya. Katika kusi mbao zilikaribiana hadi nafasi ikabaki kama uzi, na kaskazi ilipovuma zikaachana tena. Hakuna iliyoinuka. Mkono wa mama bado humuuma siku za baridi, na hutuonyesha bila kusema neno tunapoharakisha jambo. Watoto wamerudi chuoni. Wakubwa huketi kwenye mbao, wadogo kwenye mkeka juu ya saruji, na kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuhamia.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, awahifadhi wazazi wetu, na aturuzuku kilicho halali. Amin.