Kura moja ina uzito gani?

Wamama wapenzi, katika mikutano yetu swali hili linarudi kila mara: "Nichague ao nisichague, kitabadilika nini? Kura yangu ni moja tu." Hatuwacheki wanaouliza hivyo. Wengi walisimama kwenye mustari tangu asubuhi, kiisha barabara ikabaki na mashimo yake.

Ni kweli, kura moja peke yake haimweki mtu kwenye kiti kila siku. Lakini tukumbuke yaliyotokea mwaka 2018. Siku chache mbele ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba, wakaaji wa Beni, Butembo na Yumbi waliambiwa kwamba wao watangoja mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Walikuwa wachaguzi zaidi ya milioni 1. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019 bila kura zao. Na katika matokeo yaliyotangazwa, wa kwanza alimpita wa pili kwa kura karibu 684 000. Kila mmoja wa wale walioachwa alikuwa na kura moja tu!

Siku ile ya 30 Desemba, watu wa Beni walinawa mikono, wakapanga mistari, wakapiga kura waliyoitengeneza wenyewe, hata kama walijua haitahesabiwa. Aliyenyimwa kura anajua bei yake.

Tuangalie pia namna kura inavyofanya kazi. Pale penye viti vingi vya ubunge, kura yako inahesabiwa kwa mgombea wako na pia kwa orodha yake. Viti vinagawanywa kwa orodha, na vile vinavyobaki vinaenda kwa orodha zenye masalio makubwa ya kura. Hapo kura chache zinatosha kumwingiza mtu ao kumwacha nje. Tena, wabunge wa jimbo ndio wanaochagua gavana na masenata. Ukimchagua mbunge wa jimbo bila kufikiri, umemchagua na gavana bila kufikiri.

Mwaka 2023 walioandikishwa walipita milioni 43, lakini waliopiga kura walikuwa karibu milioni 18. Wengine walizuiwa na vita, kama ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru. Wengine walibaki nyumbani kwa kupenda, na wenzao wakaamua kwa ajili yao.

Basi tufanye nini? Tutunze kadi zetu mahali pakavu. Tumuulize mgombea juu ya soko, maternité na masomo ya watoto, mbele ya kupokea kitenge chake. Kitenge kinachakaa mwaka mmoja, muhula ni miaka 5. Na kura zikiisha kuhesabiwa, twende tusome karatasi ya matokeo inayobandikwa kwenye biro ya kura. Sheria inataka ibandikwe. Tuandike hesabu yake kwenye daftari. Kura iliyopigwa inahitaji pia macho ya kuichunga.