Taa ya LED haina kosa, kosa ni mahali tunaiweka

Wandugu, ule anatembeza motoka usiku ku barabara ya Likasi–Kolwezi anajua hii mambo. Kamyo inatokea mbele, mwanga mweupe unakupiga mu macho, na kwa sekunde tatu hauone kitu. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, sekunde tatu ni karibu meta 67. Na pembeni kuko batu wa kinga, mama anarudi na makala, kamyo imekufa bila taa. Wengi wanasema: « LED njo inaleta shida. » Ni kweli?

Ampule ya halojeni iliingia mu taa za motoka za Ulaya mu mwaka 1962. Ndani yake kuko waya ndogo ya tungsteni inayopashwa moto mpaka inawaka, na sehemu kubwa ya umeme inapotea kama joto. LED haina waya. Umeme unapita mu kipande kidogo cha semikondakta na mwanga unatoka pale pale. Kilichochelewesha kazi ni LED ya rangi ya buluu. Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walipoipata, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mu 2014, juu bila buluu hakuna LED nyeupe: ile buluu inapita mu utando wa manjano, na macho yetu yanaona nyeupe.

Motoka zikafuata. Mu 2007 Lexus LS 600h ilikuwa na taa ya chini ya LED. Mu 2013 Audi A8 ilitoka na LED 25 mu kila fare: kamera inaona motoka inayokuja, na zile LED zinazomwelekea yule shoferi zinazimika, zingine zinabaki. Kwa hiyo LED iliyotengenezwa vizuri inamlinda mwenzako.

Basi shida yetu inatoka wapi? Iko mara mbili.

Ya kwanza, tunanunua ampule ya LED ku soko na kuitia mu fare ya halojeni. Kioo cha ile fare kilihesabiwa kufuatana na mahali waya inakaa, kwa milimeta. LED haikae pale sawasawa, na mwanga unatawanyika juu, mu macho ya batu. Wakati wa vumbi ni mbaya zaidi: mwanga wa juu unagonga vumbi na kukurudilia wewe mwenyewe. Tena joto la LED linabaki nyuma ya kile kipande, linaomba chuma cha kulitoa, aluminiamu ao shaba, ile ile ya kwetu. Ampule ya bei ya chini haina chuma ya kutosha, inafifia mbio.

Ya pili, wengi hawaijue. Taa ya chini haipigi sawa pande zote: upande wa pembeni ya barabara inapanda kidogo, ili uone batu wa miguu. Kongo tunatembea kuume. Lakini motoka mingi zinatoka Japani, na kamyo mingi zinatoka Zambia na Tanzania, kule wanatembea kushoto. Fare zao zinapanda kushoto. Wakiingia Kasumbalesa, shoferi anabadilisha upande, fare haibadilike: kushoto kwetu njo kuko yule anayekuja. Ilikuwa hivyo hata na halojeni, lakini mwanga ukizidi, na maumivu yanazidi.

Fanya jaribio hili. Simamisha motoka mahali sawa, meta 10 mbele ya ukuta, washa taa ya chini. Utaona mstari kati ya mwanga na giza. Kwanza, uwe karibu sentimeta 10 chini ya kimo cha fare yako. Ukiwa juu, fundi aufunge chini, ni kazi ya bisibisi. Pili, uangalie unapanda wapi. Ukipanda kushoto, omba fare za kutembea kuume. Motoka zingine ziko na kifaa ndani cha kugeuza. Tatu, kama hauone mstari, mwanga umetawanyika tu, rudisha halojeni, ao nunua fare kamili ya LED.

Tunapenda kusema ku garaje: « Tia ile inawaka sana. » Tuanze kuuliza: inawaka wapi? Juu yule unayemfumba macho usiku, naye anakuja na tani 40 mbele yako.