Fahamu: Kwa nini mpakiaji wa kemikali Marekani hufundishwa kutambua njama

Aprili 1995, lori la kukodi lililosheheni mbolea ya amoniamu naitreti iliyochanganywa na fueli lililipuka Oklahoma City na kuua watu 168. Mbolea hiyo ni bidhaa ya kawaida ya wakulima; ubaya ulikuwa kwa mnunuzi. Kanuni za Marekani sasa zinamtaka kila anayehusika na usafirishaji wa shehena hatari, hata karani wa kujaza hati, afundishwe kutambua tishio, na arudie mafunzo angalau kila miaka 3.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya polisi. Sawa, lakini polisi hayupo getini pale dereva asiyefahamika anapokuja kuchukua mitungi ya klorini kwa hati zisizolingana na oda. Aliyepo ni mpakiaji, na ndiye anayeweza kuuzuia mzigo mpaka msimamizi apigiwe simu.