Mustang mjini Mombasa: Yafaayo kupimwa kabla ya kununua

ASUBUHI ya siku ya kazi, makutano ya Kengeleni mtaani Frere Town hujaa matatu, tuktuk na bodaboda zinazoelekea Daraja la Nyali. Katika msongamano huo, gari la Ford Mustang likipita huwageuza watu shingo, na mngurumo wake husikika kabla halijaonekana. Si ajabu kwamba vijana wenye kipato, mabaharia na Wakenya waishio ng'ambo hutamani kulimiliki.

Tamaa hiyo haina ubaya. Hata hivyo, anayetaka kutumia mamilioni ya shilingi kwa gari kama hili anafaa kujua kwamba uzuri wake ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Mustang ilizinduliwa nchini Marekani Aprili 1964. Pamoja na Chevrolet Camaro na Dodge Challenger, ni miongoni mwa yale yaitwayo magari ya misuli, yaani magari ya milango miwili yenye injini kubwa na bei isiyofikia ile ya magari ya kifahari ya Ulaya. Kwa miaka 50 Mustang ilitoka kiwandani ikiwa na usukani upande wa kushoto pekee. Mambo yalibadilika kuanzia modeli ya 2015, Ford ilipoanza kuunda pia zenye usukani wa kulia.

Badiliko hilo ndilo lililoifungulia Mustang mlango wa Kenya. Sheria zetu haziruhusu kuagizwa kwa gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalumu kama ambulansi na ya zimamoto. Camaro na Challenger za kisasa zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto tu hadi utengenezaji wake ulipokoma, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida amebakiwa na Mustang.

Kadhalika, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hukataa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Wengi wetu tumezoea kuagiza magari kutoka Japan, lakini Ford iliacha biashara nchini humo mwaka 2016 na Mustang nyingi za huko zina usukani wa kushoto. Soko la kutazamwa kwanza ni Uingereza, ambako zenye usukani wa kulia zimeuzwa tangu 2015.

Jambo la pili ni injini. Kuna ya lita 2.3 yenye silinda nne na turbo, na kuna V8 ya lita 5.0. Katika toleo la Ulaya la 2018, ya kwanza ina nguvu za farasi 290 hivi na ya pili 450. Kwa vipimo rasmi, V8 hunywa zaidi ya lita 12 za petroli kwa kilomita 100, na ile ndogo lita 9 hivi. Kwa hiyo safari ya kwenda Malindi na kurudi, takriban kilomita 230, itamaliza lita 28 za petroli kwa V8 na lita 21 kwa ndogo. Foleni ya Kengeleni huongeza kiasi hicho.

Ukubwa wa injini huathiri pia ushuru. Tuchukue mfano wa gari ambalo Mamlaka ya Ushuru (KRA) imelikadiria kuwa na thamani ya Sh2 milioni. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh700,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 kwa injini ya lita 2.3, yaani Sh675,000, lakini hupanda hadi asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi lita 3.0, yaani Sh945,000. Ukijumlisha VAT, ada ya tamko la uagizaji na ya reli, mwenye injini ndogo atalipa takriban Sh2,005,000, na mwenye V8 takriban Sh2,318,000. Ikumbukwe kuwa KRA huanza na orodha yake ya bei, ikipunguza uchakavu, wala si risiti ya muuzaji.

Tatu ni barabara na hewa ya bahari. Tumbo la Mustang liko takriban sentimita 14 tu juu ya ardhi. Matuta ya mitaani na mashimo ya msimu wa masika yanaweza kulikwaruza au kupasua matairi yake membamba ya ubavuni. Kwa gari litokalo Uingereza, mwombe fundi aliinue na kukagua kutu chini, kwani barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Tazama pia kingo za boneti. Boneti hiyo ni ya alumini, na wamiliki wengi wamelalamika kuwa rangi huvimba na kubanduka. Chumvi ya pwani haitaliponya tatizo hilo.

La nne ni usalama, na hili lisipuuzwe. Mnamo Januari 2017, shirika la Euro NCAP liliipa Mustang nyota mbili kati ya tano. Mifuko ya hewa ya mbele haikujaa vya kutosha, na mikanda ya viti vya nyuma haikuwa na kifaa cha kuikaza wakati wa ajali. Baada ya marekebisho, yakiwemo breki zinazojifunga zenyewe, toleo lililofuata lilipata nyota tatu. Lakini alama ya ulinzi wa watoto ilibaki asilimia 32.

Kwa hiyo, ikiwa hilo ndilo gari pekee la nyumbani, na ndilo litakalowapeleka watoto shule, afadhali fedha hizo zinunue gari jingine. Aliye na gari la pili la kazi, na anayeitaka Mustang kwa safari za wikendi, achague ya lita 2.3 ya toleo la 2018 au la baadaye, yenye kumbukumbu kamili za matengenezo. Atenge pia fedha za bima na vipuri, ambavyo aghalabu huagizwa kutoka nje. V8 ni ya mwenye uwezo wa kulipa gharama hizo mwaka hadi mwaka bila kukopa.