Kofia ya Dom Miguel

Ukiitazama picha ya Dom Miguel de Castro, jicho linatua kwanza kwenye kofia. Ni pana, ina unyoya mwekundu ulioangukia upande mmoja, na hakuna rangi nyingine pichani inayothubutu kushindana nao. Nyuma ni giza. Shingoni pana kola nyeupe, kifuani mshipi wa upanga wenye nakshi za fedha. Ni picha ya bwana mkubwa wa Ulaya ya karne ya 17, ila bwana mwenyewe ni Mkongo.

Dom Miguel alikuwa mjumbe wa mtawala wa Soyo, jimbo la Ufalme wa Kongo ambalo leo liko kaskazini mwa Angola. Mtawala huyo alikuwa hapatani na mfalme, Garcia II, akaona aegemee kwa Waholanzi, ambao mwaka 1641 walikuwa wameiteka Luanda. Mjumbe akavuka bahari hadi Recife, Brazili, kwa Johan Maurits, gavana wa Waholanzi huko, na mwaka 1643 akafika Middelburg, Uholanzi. Huko ndiko alikochorwa. Kwa miaka mingi kazi hii ilidhaniwa kuwa ya Albert Eckhout, mchoraji wa gavana kule Brazili. Siku hizi inahesabiwa kuwa ya Jasper Beckx, mwenyeji wa Middelburg.

Wachoraji wa zama hizo, ambazo wanahistoria wa sanaa huziita Baroki, walipenda kuanzia gizani. Walipaka kwanza rangi ya kahawia au kijivu, kivuli wakakiacha chembamba, kisha wakaujenga mwanga juu yake kwa rangi nzito iliyochanganywa na nyeupe ya risasi. Mafuta ya kitani hayakauki upesi, kwa hiyo mchoraji alipata muda wa kulainisha mpaka kati ya mwanga na kivuli hadi usionekane. Mbinu hiyo ilizoeleka kwa nyuso nyeupe. Mbele ya ngozi nyeusi, mchoraji mvivu angepaka weusi mtupu akapata kinyago. Beckx hakufanya hivyo: paji la uso na pua vinang'aa, macho yana uzito wa mtu anayefikiri.

Sasa rudi kwenye kofia. Johan Maurits alimzawadia mjumbe mavazi ya fahari, kofia ya manyoya ya biva ikiwamo. Kwangu mimi hapo ndipo penye siri ya picha. Tusiseme kwamba Dom Miguel kavishwa Uzungu. Wakuu wa Kongo walikuwa Wakristo tangu 1491, na vitambaa vya ng'ambo vilikuwa heshima kwao. Lakini zawadi ya nguo ni lugha ya siasa: aliyeitoa anasema huyu ni mwenzangu, na papo hapo anasema ni mimi niliyemvika. Na aliyetamka maneno hayo alikuwa gavana wa kampuni ya Kiholanzi iliyokuwa ikiuza Waafrika utumwani.

Watumishi wawili wa Dom Miguel, Pedro Sunda na Diego Bemba, nao walichorwa, kila mmoja peke yake. Wako vichwa wazi. Mmoja ameshika pembe ya ndovu, mwingine kasha lenye nakshi. Kofia ni ya bwana.

Mwaka 1654 Johan Maurits alizitoa picha hizo kwa Frederik III, mfalme wa Denmark. Zote tatu ziko Copenhagen hadi leo, katika jumba la Statens Museum for Kunst.